Usiniombe orodha ya magrupu

Juzi usiku kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Kaka, gemu yangu imekamilika. Naomba unitumie magrupu yote uliyoposti ya kwako na mimi nikaposti." Nilikuwa nakwenda kulala. Niliusoma ujumbe ule mara tatu na usingizi ukaniruka, kwa sababu miaka miwili iliyopita niliandika karibu maneno hayohayo kwa mtu mwingine. Alinitumia orodha, na orodha ile nusura inifanye niiache kazi hii.

Kwa mliofika hapa karibuni: nimetengeneza gemu ya bao la kete. Bao lenyewe la Kiswahili, mashimo 32 na kete 64, mnaanza kwa namua, awamu ya kuingiza kete ubaoni, kisha mnaingia mtaji, awamu ya kucheza na kete zilizokwisha kuingia. Niliijenga kwa Godot, programu ya kutengenezea gemu, peke yangu, usiku, baada ya kutoka kazini. Mwaka na nusu. Sitausimulia mwaka na nusu huo, maana mnaosoma hapa mnaujua: bando linaisha, umeme unakatika, kesho kazi inakusubiri.

Siku ya kuitoa nilikuwa na orodha ya magrupu kumi na manne. Karibu yote ya nje, karibu yote ya watengeneza gemu. Niliandika tangazo moja la Kiingereza, nikaweka linki na picha mbili, nikaanza kulibandika kuanzia saa tatu usiku. Saa sita nilikuwa nimemaliza. Sikubadilisha hata neno moja kutoka grupu hili kwenda lile.

Asubuhi posti tatu zilikuwa zimefutwa. Kwenye grupu kubwa kuliko yote, lile nililoliwekea matumaini, nilikuwa nimefungiwa kabisa. Admini aliniachia mstari mmoja kwamba mimi ni mmwaga matangazo na nisirudi. Nikamwandikia barua ndefu, nikamweleza bao ni nini, babu yangu alinifundishaje pale Pangani, nimekesha kiasi gani. Hakujibu. Kanuni yao ilikuwa imeandikwa pale juu, na mimi sikuisoma, hilo nalikubali. Lakini bado linaniuma. Mtu amekesha mwaka na nusu, halafu anafukuzwa mlangoni kama aliyekuja kuiba.

Na kuna jambo lililoniumiza zaidi ya kufungiwa. Kwenye mtandao mwingine posti yangu ilikuwepo, naiona mwenyewe, ila haina komenti hata moja. Siku ya tatu nikamtumia binamu yangu linki. Akaifungua kwenye simu yake, akanipigia: "Mbona hapa hakuna kitu?" Akaunti yangu ilikuwa imefichwa. Mimi niliona kila nilichoandika, wengine hawakuona chochote. Siku tatu nilikuwa nazungumza peke yangu chumbani.

Watu kumi na moja ndio walioipakua wiki ile. Wanne kati yao ni ndugu zangu.

Baadaye nilielewa kwamba hata nisingefungiwa, yale magrupu hayakuwa na wateja wangu. Mle kila mmoja amebeba sinia lake kichwani. Wote wanauza, nani anunue? Mtengeneza gemu mwenzako atakupa pole, atakuambia rangi za menyu zimekaa vizuri, kisha atakutumia linki ya kwake. Nendeni huko mkajifunze kazi, kuna watu wanajua sana. Lakini mchezaji wenu hayupo pale.

Wangu alikuwa kwenye grupu la WhatsApp la wacheza bao wa Tanga, Unguja na Lamu, ambalo binamu yuleyule aliniingiza. Wiki tatu sikutaja gemu. Kazi yao pale ni moja: mtu anapiga picha bao likiwa katikati ya mchezo, anauliza, "Hapa ungecheza nini?" Basi wanabishana mpaka usiku. Nikaanza kujibu. Nilikosea mara nyingi, wakanirekebisha, wengine kwa ukali. Picha zao zilikuwa na giza, kete hazihesabiki, nikawa naipanga hali ileile ndani ya gemu yangu na kuirudisha grupuni ikiwa safi, kila shimo na idadi yake. Wiki ya nne mtu akauliza: "Hizi picha unazitoa wapi?"

Ndipo nikatuma linki. Niliombwa, ndugu zangu. Shikeni hapo.

Baada ya siku mbili mzee mmoja wa Tanga akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Tulishaamkiana grupuni kabla, kwa hiyo alianza moja kwa moja: "Mjukuu wangu, mchezo wako mzuri, lakini nyumba yangu inakwenda safari bila ya mimi kuituma."

Niliusikiliza nimesimama. Wanaocheza wameshaelewa. Kwa wengine: nyumba ni lile shimo unaloanza nalo likiwa na kete sita. Ukiwa unakula kwenye namua, na kete yako ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba ambayo bado ni hai, una hiari. Unaweza kulala, zamu ikaisha na akiba yako ikabaki, au ukazichukua zote ukaendelea kuzigawa, ndiyo kwenda safari. Programu yangu ilikuwa inakwenda safari kila mara. Mwaka na nusu sikuliona kosa hilo, kwa sababu mimi mwenyewe huwa siachi kwenda safari. Kwa mzee anayecheza kwa subira, gemu yangu ilikuwa inamvunjia nyumba kwa lazima.

Nilikaa jioni mbili. Nikaweka vitufe viwili, LALA na SAFARI, nikatoa toleo jipya na kuandika grupuni kwamba limetokana na mzee fulani, nikamshukuru kwa jina. Usiku ule watu walianza kuisambaza wenyewe. Kwa misikiti yao, vijiwe vyao, watoto wao walioko Muscat. Mimi sikuposti popote.

Kisha nilipotaka kuiweka Play, duka la Google la programu za simu, wakaniletea mtihani wao. Akaunti yangu ya Play ni ya mtu binafsi (ada dola 25, unalipa mara moja), na zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 zinatakiwa kuijaribu gemu kwa faragha kwanza, kabla ya kuitoa kwa watu wote. Mwanzoni walitaka wajaribu 20 kwa siku 14 mfululizo, Desemba 2024 wakashusha hadi 12. Najua watu waliokwama hapo kwa miezi, wananunua wajaribu wa uongo. Mimi niliuliza grupuni mara moja nikapata 31. Mzee alifunguliwa akaunti ya Gmail na mjukuu wake wa kweli ili awemo.

Kwa hiyo nisikilizeni. Kaeni na watu kabla ya kuwaomba kitu. Markus Persson, aliyeitengeneza gemu ya Minecraft, alipoiweka kwenye TIGSource, jukwaa la mtandaoni la watengeneza gemu, Mei 2009, ilikuwa toleo bichi, watu wakalicheza na kusema wanachokiona. Pelekeni kitu cha kuchezwa, na muwe tayari kusahihishwa. Reddit walikuwa na mwongozo wao wa zamani kwamba kati ya mambo kumi unayoyaweka, la kwako lisizidi moja. Mimi nasema hata hilo moja subiri uulizwe. Someni kanuni za grupu kabla ya kuandika herufi ya kwanza. Jibuni kila komenti, hata ya anayekutukana, hasa akiwa na hoja. Kaeni na watu. Nalirudia kwa sababu ndilo ambalo hamtaki kulifanya, mnataka orodha.

Mwezi uliopita nilirudi kwa Wazungu, safari hii kwenye grupu la wapenzi wa michezo ya ubaoni. Niliposti saa tisa alasiri, saa ambayo New York ndiyo wanaamka. Sikuandika tangazo. Niliandika kisa cha nyumba ya mzee, na kipande cha video cha sekunde kumi, kete zikigawanywa na vitufe viwili vikisubiri. Wameniuliza maswali mpaka leo. Sasa naweka akiba ya dola 100, ada ya kuiingiza gemu Steam, duka la gemu za kompyuta.

Yule kijana wa Morogoro nilimjibu kwa swali: gemu yako inahusu nini? Akasema kufuga njiwa. Nikamwambia wafuga njiwa wana magrupu yao, wanaulizana dawa, wanaonyeshana vifaranga. Ingia huko, kaa mwezi mzima, neno gemu usilitaje. Akajibu, "Sawa kaka." Baada ya dakika tano akauliza kama basi ninayo hata orodha fupi.

Mzee naye ametuma sauti nyingine jana. Anasema kete zangu zikidondoka zinalia plastiki, na kwamba komwe, zile mbegu tunazochezea kama kete, ikigonga mti ina sauti yake. Jumamosi napanda basi la Tanga kwenda kurekodi bao lake.