Sufu yangu imegandamana

Shangazi, nafuga kondoo watano Kinangop, karibu na msitu wa Aberdare. Nimefua sufu ikagandamana kama mkeka. Tena ndege wananiibia niliyoanika. Nifanyeje?
Msomaji, Nyandarua

Mwanangu, uliifikicha! Sufu haifuliwi kama soksi. Toa kwanza mavi na miiba, iloweke katika maji moto ya sabuni, ikandamize kwa kiganja, basi. Maji ya kusuuza yawe na joto lile lile. Ukiisugua na kuistusha kwa maji baridi, nyuzi hushikana, huzichambui tena. Hiyo iliyoharibika tandika kitini. Yangu ya kwanza hulaliwa na paka hadi leo.

Ndege wanajengea viota. Anika chini ya chandarua kilichokazwa, wasinase, nao waachie vipande vifupi uani.