Datsun 1200 haivuti mwendo wa chini: tusogeze kemshafti?

Swali: Datsun 1200 yangu inachoka kwenye foleni za Kimara, hasa ikipanda na gia ya pili. Fundi anataka kuwahisha kemshafti (shafti inayofungua valvu), ili valvu zifunguke na kufunga mapema zaidi. Ni sawa? – Msomaji, Mbezi

Jibu: Anza na cheni ya taimingi, ile inayozungusha kemshafti, ndugu. Ikilegea, kemshafti huchelewa na nguvu ya mwendo wa chini hupotea; cheni mpya huenda ikatosha kabisa. Bado? Wahisha digrii 4 za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), yaani 2 za kemshafti, kwani krenki huzunguka mara mbili kemshafti ikizunguka mara moja. Valvu za kuingiza zitafunga mapema, mgandamizo utapanda. Nguvu ya mwendo wa juu itapungua kidogo. Hatari ni valvu hizo kukaribia pistoni. Bandika plastisini (udongo laini wa kuchezea) juu ya pistoni, funga hedi na gasketi yake, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, fungua. Kata plastisini kwa wembe, pima palipo pembamba zaidi. Ikiwa chini ya milimita 2, rudisha kemshafti ilipokuwa.