Ukubwani, jifunze kitu kitakachokusumbua

Ukiuliza jinsi ya kuinoa akili baada ya miaka arobaini, wengi watakwambia utembee: nenda Bagamoyo, onja chakula usichokijua, badili njia ya kwenda kazini. Sina ugomvi na matembezi. Ila tangu nianze kujifunza cherehani nimeamini kwamba ubongo hautosheki na kuona vitu vipya. Unataka kuhangaishwa navyo.

Mwaka 2014, Denise Park na wenzake huko Texas walichapisha utafiti juu ya wazee. Baadhi walijifunza kushona mablanketi ya viraka au kupiga picha za kidijitali, zaidi ya saa 15 kwa wiki, kwa miezi mitatu. Wengine walikutana tu, wakazungumza na kutembea pamoja. Kumbukumbu iliimarika zaidi kwa wale waliojifunza ujuzi mgeni.

Mama anayenifundisha hajausoma utafiti huo, lakini ndivyo anavyofanya. Ukishaweza kushona mstari ulionyooka, anakunyang'anya kitambaa na kukupa kola. Mimi nilitolewa jasho na mkono wa shati. Kichwa cha mkono hukatwa kikubwa kidogo kuliko tundu la bega, na ile ziada lazima uigawe kwa pini mpaka iingie bila kukunjamana, tena nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje. "Fumua, kaka," ndiyo salamu yangu pale. Anayenionesha nilipokosea mara nyingi ni binti ambaye ningeweza kumzaa. Mwanzoni iliniuma, sasa hata ofisini nauliza nisichokijua bila kuzungukazunguka.

Ukianza, usiache njiani. Wajerumani walipima ubongo wa watu waliojifunza kurusha na kudaka mipira mitatu kwa zamu, wakachapisha matokeo mwaka 2004: sehemu zinazofuatilia mwendo wa vitu ziliongezeka, na walipoacha mazoezi ongezeko likapungua. Na ulale vya kutosha, maana usingizini ndipo ubongo unapoyapanga ya mchana. Somo la usiku wa manane, macho mekundu, sioni faida yake.

Ada ikikushinda, muulize fundi wa jirani kama anahitaji mtu wa kukata nyuzi na kutia vifungo jioni. Kaa karibu na meza ya kukatia, si karibu na televisheni.