Ukienda Karibea kwa Meli, Chagua Visiwa Kabla ya Kuchagua Meli

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayeishi Ohio aliniandikia ujumbe mrefu. Yeye na mumewe wamejibana kwa muda, na sasa wanataka kumpeleka mama mkwe safari ya meli ya kitalii katika visiwa vya Karibea kabla hajarejea Tanga. Wakala wa safari amewashauri wachukue safari fupi kutoka Miami, ndani ya meli kubwa yenye mabwawa ya kuogelea na michezo ya kila aina, ambayo hutia nanga Nassau, hupita kwenye kisiwa kinachoendeshwa na kampuni yenyewe, kisha hurudi. Aliniuliza kama inafaa. Nilimjibu kwamba meli ni nzuri lakini njia hiyo haimfai mama, naye akaniomba nifafanue, na kwa kuwa maswali ya namna hii yamezidi tangu nilipoweka picha za mama yangu akiwa Grenada, naona ni heri nijibu kwa wote.

Matangazo yote huanza na meli. Mwaka 2024 iliingia baharini meli ya Icon of the Seas, yenye sitaha 20 na nafasi ya abiria zaidi ya 7,000 ikijaa, na ukiitazama ikiwa gatini Miami utadhani mtaa mzima wa maghorofa umesogezwa majini. Wapo watu wanaopanda meli za aina hiyo na kukaa humo muda wote bila hata kushuka, nao wana raha yao. Ila sisi tuliozaliwa pwani, au hata tuliozaliwa bara lakini tukalelewa na chakula, salamu na desturi zinazofanana na za pwani, tuna furaha nyingine inayotungoja nchi kavu, na furaha hiyo haipatikani kwenye kisiwa cha kampuni ambako mchanga, mwavuli na sahani ya chakula ni vya kampuni ileile. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao pengine ndio wa pekee, ni huu: fungua ramani, chagua visiwa, halafu tafuta meli inayofika huko.

Na ukiifungua ramani utaona kwamba visiwa vyenye mambo mengi vimejipanga upande wa mashariki na kusini, kuanzia Visiwa vya Virgin kushuka hadi Grenada. Meli inayotoka Florida hutumia takribani siku mbili majini kabla ya kuvifikia, lakini inayoanzia San Juan, Puerto Rico, iko mlangoni tayari. Katika njia ya wiki moja inayoanzia San Juan, karibu kila asubuhi unaamkia nchi nyingine. Sisi tulipita St. Thomas, Antigua, St. Lucia, Barbados na Grenada. Meli husafiri usiku wewe umelala, sanduku lako unalifungua mara moja tu, na ukiamka gati liko chini ya dirisha. Kwa mzee mwenye magoti mabovu hakuna namna nyepesi zaidi ya kuona visiwa vitano.

Mama yangu aliamka kila alfajiri, akaswali, kisha akaomba nimpeleke omo, mbele ya meli, akatazame taa za kisiwa kinachokaribia. Suala la kibla lilimsumbua usiku wa kwanza, kwa kuwa meli hugeuka, na mhudumu wa kabini ndiye aliyetuonyesha kwamba televisheni ya chumbani ina chaneli ya ramani inayoonyesha mahali meli ilipo na inakoelekea, hivyo ilitosha kutazama pale, kutafuta mashariki na kusogea kidogo kuelekea kaskazini. Kuhusu chakula, tulimweleza msimamizi wa ukumbi wa kulia usiku uleule kwamba hatuli nguruwe wala kitu kilichopikwa kwa mvinyo, na kuanzia hapo walituletea samaki, mbogamboga na wali bila kukumbushwa tena. Yaseme haya mapema, na kwa sauti ya kawaida, kwa maana wahudumu wale wamezoea kuhudumia watu wa dini zote.

San Juan yenyewe msiipite mbio. Ngome ya San Felipe del Morro, iliyoanza kujengwa mwaka 1539, inasimama kwenye ncha ya kisiwa ikitazama Bahari ya Atlantiki, na jina lake linamtukuza Mfalme Philip wa Pili wa Hispania. Mfalme huyohuyo, baada ya kuitwaa pia taji ya Ureno mwaka 1580, ndiye ambaye chini yake Wareno walijenga Fort Jesus ya Mombasa kati ya mwaka 1593 na 1596. Mama alizaliwa Kibokoni, akacheza utotoni chini ya kuta za Fort Jesus, na nilipomweleza habari hii alisimama, akauwekea ukuta kiganja chake chote, akasema, “Mwanangu, huyu mtu alikuwa na mikono mirefu.” Niliona fahari kubwa kwamba mimi, binti yake, ndiye niliyemfikisha pale.

St. Thomas ni kwa ajili ya bahari. Kisiwa hicho kilikuwa cha Denmark hadi Marekani ilipokinunua pamoja na ndugu zake mwaka 1917 kwa dola milioni 25, na mpaka leo, ingawa ni ardhi ya Marekani, magari hupita upande wa kushoto kama kwetu. Antigua tulikaa ufukweni tu.

St. Lucia ni jambo jingine. Meli hufunga Castries, lakini uzuri wa kisiwa uko kusini, Soufrière, ambako milima miwili iitwayo Pitons imechomoza kutoka baharini, kila mmoja ukipita mita 700, na UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2004. Barabara ya kwenda huko ni ya milimani na ina kona nyingi, kwa hiyo nashauri kwenda kwa boti kama mzee wenu anaweza kupanda na kushuka. Njiani utaona migomba, minazi na mishelisheli imejaa vilimani. Shelisheli ile haikufika huko kwa bahati. Mwaka 1793 nahodha Mwingereza William Bligh aliileta miche kutoka Tahiti hadi St. Vincent na Jamaica, ili iwe chakula rahisi cha watumwa katika mashamba ya miwa. Nilipokuwa nikila kipande kilichochomwa kwenye mkaa, kitamu kama cha Unguja, nilikuwa nikilifikiria hilo, na sidhani kwamba mtu anapaswa kulikwepa kwa kuwa yuko likizo.

Barbados hasa ndiyo ilinifungua macho. Kwenye makutano ya barabara nje kidogo ya Bridgetown iko sanamu ya mtu aliyeinua mikono, minyororo imekatika na kuning’inia kwenye vifundo vyake. Wenyeji wanamwita Bussa, kiongozi wa uasi wa watumwa wa mwaka 1816. Utumwa ulifutwa kisheria katika makoloni ya Uingereza mwaka 1834, ingawa walioachiwa walilazimishwa kuwatumikia mabwana zao hadi 1838. Kwetu soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Dereva wetu, kijana mpole, alituuliza kama Afrika Mashariki nako watu waliuzwa, na mama, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, ndiye aliyemjibu. Walizungumza hadi mjini. Baadaye akatupeleka mahali wanapouza chakula chao cha taifa, samaki panzi, yule anayeruka juu ya maji, kwa kuukuu, nayo kuukuu ni unga wa mahindi unaosongwa pamoja na bamia kwa mwiko bapa wa mti mpaka ushikane. Mama alimega, akaonja, akauliza kwa nini ugali wao wameutia bamia wakati bamia ni mboga, kisha akamaliza sahani.

Sasa Grenada. Kisiwa hiki kinajulikana kama kisiwa cha viungo, na bendera yake tangu uhuru wa mwaka 1974 ina tunda la kungumanga. Kabla ya kimbunga Ivan cha Septemba 2004 kilikuwa cha pili duniani kwa kuuza kungumanga nje, nyuma ya Indonesia, na kimbunga kile kikang’oa sehemu kubwa ya miti, ambayo huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa. Shuka melini, tembea polepole hadi sokoni St. George’s, na usikubali mtu akuharakishe. Akina mama wamekaa nyuma ya meza zao na mdalasini, karafuu, binzari, na shada za viungo zilizotungwa kama za asumini. Mama yangu ametia kungumanga kwenye chai na kwenye vitumbua maisha yake yote, lakini ameijua ikiwa kavu, ikitoka kwenye kopo. Bibi mmoja muuzaji alichukua tunda bichi, la manjano, ukubwa wa pera dogo, akalipasua kwa vidole viwili. Ndani mlikuwa na kokwa nyeusi inayong’aa, imevikwa wavu mwekundu, mbichi na wenye unyevu, mwekundu hasa kama hina iliyokolea. Bibi akaubandua wavu ule taratibu bila kuuchana, akauweka kwenye kiganja cha mama.

“Kumbe basibasi ndiyo nguo yake!” mama akasema, na yule bibi, ambaye hakujua neno hata moja, akacheka na kutikisa kichwa kukubali. Wakashikana mikono na kuanza kunusishana vitu, huyu akitaja kwa lugha yake na yule kwa yake, nami nikasimama pembeni nikiwa nimebeba mifuko. Katika yote niliyowahi kumfanyia mama yangu, sijawahi kuona uso wake ukiwa vile.

Picha ya siku ile ndiyo niliyoiweka, na mtu mmoja ninayemheshimu katika jumuiya yetu hapa aliandika mbele ya watu wote kwamba pesa za kiwanja zimeliwa na bahari. Sikumjibu. Maneno yale bado yananikaa rohoni, kwa sababu anajua fika kwamba nyumba ya mama imeezekwa, na anajua ni nani anayewalipia karo watoto wa marehemu kaka yangu. Sisi tulio ughaibuni tumejifunza kuona haya kwa kila raha. Tunaunganisha zamu ya usiku na ya mchana katika nyumba za wazee, tunawaogesha wazazi wa watu wengine, na wazazi wetu wakija kututembelea tunawafungia ndani ya chumba chenye joto na televisheni, kwa kuwa tuko kazini. Halafu tunachanga fedha nyingi kwa ajili ya mazishi. Ndugu zangu, mchango wa mazishi hauonwi na anayezikwa. Mpelekeni mzazi mahali angali anatembea, na kama si Karibea basi iwe popote atakapofurahi, na msisubiri ruhusa ya kikundi cha WhatsApp.

Kuhusu gharama, usilinganishe bei ya tangazo na bei ya tangazo. Ongeza kodi za bandari, bakshishi ambayo kampuni nyingi huikata kwa kila mtu kwa kila siku, intaneti, matembezi ya nchi kavu na nauli ya ndege hadi San Juan. Kabini ya ndani isiyo na dirisha ni nafuu zaidi na usingizi wake ni mzuri, lakini kwa mzee anayetaka kuona bahari lipia dirisha. Kama mna hofu ya kichefuchefu, chukueni kabini ya sitaha za chini katikati ya meli, kwa sababu meli ikienda mrama, omo na tezi, yaani mbele na nyuma, ndizo zinazopanda na kushuka zaidi. Tangawizi inasaidia, na dawa inywewe kabla hujaanza kuumwa.

Fikeni San Juan siku moja kabla, kwa kuwa ndege ikichelewa meli haingoji. Visiwani pia haingoji: ikitangazwa saa kumi na nusu jioni, ni saa kumi na nusu kwa saa ya meli, hata kama saa ya kisiwa ni tofauti. Ukiingia dukani, salimia kwanza ndipo uulize bei, maana watu wa visiwa hivi huona ni utovu wa adabu kuanza na swali. Acheni nyumbani nguo za mabaka ya kijeshi, hata za watoto, kwani Barbados na visiwa kadhaa jirani sheria inamkataza raia kuzivaa.

Msimu wa vimbunga unaanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na miezi ya hatari zaidi ni Agosti hadi Oktoba. Kati ya Krismasi na Machi hali ya hewa ni nzuri lakini bei hupanda sana, kwa hiyo tazameni Mei, au wiki za mwanzo za Desemba.

La mwisho ni hati. Mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani abebe kadi yake pamoja na pasipoti ya nchi yake. Mgeni, kama mama mkwe wa dada huyu wa Ohio, awe na visa ya Marekani inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa meli ikishaondoka anahesabiwa ametoka. Visiwa vingi kati ya hivyo ni nchi huru zenye masharti yao, basi ulizeni kisiwa kimoja kimoja kabla ya kulipa, na mpate jibu kwa maandishi, kwa sababu asiye na hati kamili huzuiwa gatini, na nauli yake kwa kawaida hairudishwi.