Kwa anayeanza kazi ya kupakia malori: soma ekseli kabla ya kusoma tani

Mdogo wangu, kama umeanza kazi wiki hii kwenye yadi ya malori, uwe karani wa upakiaji, utingo anayejifunza udereva au msimamizi wa safari, swali la kwanza utakaloulizwa na mwenye mzigo ni hili: "Gari inabeba tani ngapi?" Usikimbilie kujibu. Mimi nilikuwa najibu papo hapo, "Thelathini na moja, bosi," na hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyonikesha usiku kucha kwenye mizani ya barabarani, ile inayopima uzito wa malori.

Ilikuwa mbolea, mifuko 620 ya kilo 50, kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya. Kichwa cha difu mbili, yaani ekseli mbili za nyuma zinazosukuma gari, kikivuta semi, tela linaloegemea kichwa, ya ekseli tatu zenye matairi pacha. Ekseli ni ule mhimili unaobeba matairi. Gari likiwa tupu lilikuwa na karibu tani 17, mzigo tani 31, jumla 48. Kwa gari la namna hiyo sheria inaruhusu tani 50. Nilijiona nimebakiza tani mbili za akiba, nikasaini karatasi, nikapanda kando ya dereva kwa sababu nilitaka kuijua njia.

Kwenye mizani ya kwanza tuliwekwa pembeni. Karatasi ilisoma hivi: ekseli ya mbele kilo 7,150, difu 19,420, tela 21,380, jumla 47,950. Nikamwambia dereva kuwa mashine imekosea, mbona jumla iko chini ya 50? Alikuwa mtu mzima, amekula barabara ya TANZAM, ile ya kwenda Zambia, miaka mingi. Akaweka kidole kwenye mstari wa pili. "Mwanangu, hawa hawapimi mzigo wako. Wanapima miguu ya gari, mguu mmoja mmoja."

Yaweke haya kichwani kabla ya kitu kingine chochote. Ekseli ya mbele yenye matairi mawili, mwisho ni tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi pacha, tani 10. Ekseli mbili pamoja, kama difu za kichwa cha kawaida, tani 18. Ekseli tatu pamoja zenye matairi pacha, tani 24. Juu ya yote kuna dari: gari lote na kila linachovuta, tani 56, na ekseli zisizidi saba. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 na kanuni zake za 2018, ambayo Tanzania ilianza kuisimamia mwaka 2019. Ukivuka kwenda Kenya utazikuta namba hizo hizo kwenye mizani za Mariakani, Mlolongo, Gilgil na Webuye. Zambia nako dari ni tani 56.

Hiyo dari inawanasa sana wanaopakia puling, yaani lori lenye mzigo wake linalovuta na tela nyuma. Chukua lori la ekseli tatu, 8 na 18, ongeza tela la ekseli nne, 18 na 18. Ukijumlisha unapata 62, na kuna watu wamejumlisha hivyo hivyo wakapakia. Ekseli zote zikasoma vizuri, jumla ikawakamata. Mimi nilikamatwa upande wa pili, jumla nzuri na ekseli mbaya. Kwa hiyo kila safari una mitihani miwili, na kufaulu mmoja hakukusaidii kwenye mwingine.

Nirudi kwenye mbolea, maana pale ndipo nilipofundishwa kazi. Difu zilizidi kilo 1,420. Njia ilikuwa moja, kusogeza mzigo kurudi nyuma. Tukatafuta vijana, tukafungua turubai, nikawaelekeza watoe mifuko 40 juu ya difu waisogeze nyuma kama mita mbili. Walifanya kazi ya kuvunja mgongo. Tukapima tena: difu 18,930. Tani mbili za mbolea zimebebwa mabegani na hatukupunguza hata nusu tani.

Dereva akaniambia nisihesabu mifuko, nihesabu hatua. Safari ya pili walichukua mifuko 20 tu, lakini ile iliyogusa ukuta wa mbele wa tela, wakaipeleka hadi mkiani, kama mita tisa. Tukapima: difu 17,840, tela 23,010, jumla ile ile 47,950. Mifuko nusu, matokeo zaidi ya mara mbili.

Hesabu yake si ngumu. Chukua uzito unaouhamisha, zidisha kwa mita unazouhamisha, kisha gawa kwa umbali kutoka kingipini, ile pini ya tela inayoshikwa na kichwa, hadi katikati ya ekseli za tela. Tela letu lilikuwa na mita 8. Tani 2 mara mita 2, gawa kwa 8, ni nusu tani. Tani 1 mara mita 9, gawa kwa 8, ni tani moja na kilo 125. Vikilo vilivyopungua kwenye hesabu vilitoka kwenye ekseli ya mbele, kwa kuwa sahani ya kichwa, pale tela linapoegemea, hukaa mbele kidogo ya katikati ya difu na kila kinachokanyaga pale hugawana. Pima umbali huo kwa futi ya fundi kwenye kila tela la yadi yenu na uuandike kwa rangi kwenye chesisi. Utakuja kuutafuta saa nane usiku, mahali pasipo na fundi.

Sasa, kwa nini mbele kulikuwa kuzito? Kwa sababu sikusimama pale wakati wa kupakia. Makuli huanza ukutani, wakapanga tabaka juu ya tabaka wakiwa bado na nguvu, na wanapofika nyuma mifuko inakwisha kabla ya nafasi. Siwalaumu, wao wanalipwa kwa mfuko. Ni kazi yako kuchora alama za chaki kwenye mbao za pembeni kabla mfuko wa kwanza haujapanda, hapa tabaka tano, hapa sita, na usiondoke. Na usidhani ukisambaza sawa kwa sawa kutoka ukutani hadi mkiani umemaliza. Ekseli za tela ziko karibu na mkia, kwa hiyo kwenye semi nyingi mpango wa sawa kwa sawa huzielemea hizo. Mara nyingi katikati ya uzito hutakiwa kusogea mbele kidogo ya katikati ya sitaha, yaani sakafu ya tela. Kidogo kiasi gani, kila tela lina jibu lake, na jibu hilo unalipata kwenye karatasi za mizani za safari zilizotangulia. Usizitupe.

Jambo la mafuta wengi hulisahau. Lita moja ya dizeli ina takriban kilo 0.84. Matangi mawili ya lita 400 yakijaa, umeongeza zaidi ya kilo 670, na matangi yananing'inia ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo uzito huo unaangukia mbele na kwenye difu, hapo hapo penye shida. Kama difu zako zimekaribia 18, usijaze matangi Dar es Salaam. Weka ya kukufikisha Iringa kisha ongeza huko.

Kwa matenka, mwenye mzigo anahesabu lita na mizani inahesabu kilo. Lita 40,000 za petroli ni kama tani 30. Lita hizo hizo za dizeli zinakaribia tani 34. Dereva aliyezoea kubeba petroli akibadilishiwa mzigo siku hiyo hiyo, tenka lile lile, anaondoka na tani nne zaidi bila kuona tofauti yoyote kwenye vyumba vya tenka.

Kontena lina adha yake. Lina sili, huwezi kulifungua njiani ukasogeza katoni. Kontena tupu la futi 20 peke yake lina zaidi ya tani mbili, la futi 40 karibu nne, na karani mgeni husahau kuliweka kwenye hesabu. Tangu Julai 2016 kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka kila kontena litangazwe uzito uliothibitishwa kabla ya kupakiwa melini. Omba namba hiyo. Lakini itakupa jumla tu, haikwambii ndani kumeegemea upande gani. Kwa kontena nzito la futi 20, mahali litakapokaa kwenye skeletoni, tela la chesisi tupu la kubebea kontena, ndiyo kinga yako pekee, na hapo unaamua mara moja tu, kreni ikiwa bado imelishika.

Shaba inayotoka Zambia na Kongo ndiyo inayoogopesha wageni. Unamwona dereva amebeba vifurushi vichache sakafuni, tela linaonekana tupu, unatamani kuongeza. Kila kifurushi kina tani mbili na zaidi. Ukikosea kifurushi kimoja kwa mita tatu umeharibu karatasi yote, na hakuna kijana wa kukisogeza kwa bega.

Kuna pia yanayotoka kwenye gari lenyewe. Kama tela lenu lina supasingo, yaani tairi moja pana badala ya pacha, usitumie tani 24. Ekseli tatu za supasingo kikomo chake ni 22.5. Tela la mifuko ya hewa likiwa na mfuko mmoja unaovuja, ekseli zake hazigawani sawa, jirani inabeba kwa niaba yake. Ekseli ya kunyanyua ishushwe kabla ya kutoka yadi. Na ukipanda kwenye mizani, ingia taratibu, usikanyage breki ghafla juu ya sahani ya mizani, maana gari likiinama mbele namba nazo zinainama. Kwenye mizani ya Vigwaza, mkoani Pwani, lori hupimwa kwanza likiwa linatembea, na lenye dalili za kuzidi ndilo linaloelekezwa kwenye mizani ya kusimama, kwa hiyo mwendo uliopangwa pale ufuate.

Utasikia pia habari ya asilimia 5. Kwenye ekseli kuna nafuu hiyo, kwa kuwa mizani mbili hazisomi sawa na mzigo hutulia njiani. Wengi tumezoea kuipakia. Oktoba 2013 Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, aliiondoa nafuu iliyokuwapo. Wasafirishaji wakagoma, malori yakapanga foleni Kibaha, mpaka Waziri Mkuu Pinda akaingilia kati. Nilichojifunza pale ni kwamba kama nafuu ikiondolewa na gari lako haliwezi kupita, basi hukuwa na nafuu, ulikuwa na mzigo uliozidi. Pakia kwa tani 18, si kwa 18.9. Na kwenye uzito wa jumla usiitegemee kabisa.

Nakwambia hivi si kwa kuogopa tozo, ingawa tozo zinahesabiwa kwa dola na zinauma. Kati ya 1958 na 1960, huko Ottawa, Illinois, Wamarekani waliendesha malori kwenye barabara za majaribio usiku na mchana kuona lami inakufa vipi. Waligundua kuwa uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ukiitia 11, umeongeza asilimia 10 ya mzigo na karibu asilimia 46 ya uharibifu. Ukiitia 12, inaumiza lami kama ekseli mbili halali. Ile mifereji ya matairi unayoiona kwenye vilima, upande wanaopanda wenye mizigo, ambako basi dogo linayumba mvua ikinyesha, imechimbwa hivyo, na wanaokufa pale mara nyingi hawakuwa na mzigo wowote. Na ukishuka mlima Kitonga, mkoani Iringa, na tani zilizozidi, breki hazijui kama ulilipa tozo au hukulipa.

Wiki yako ya kwanza, kabla hujapewa gari la kusimamia, omba ruhusa upeleke kila kichwa na kila tela la yadi likapimwe tupu, ekseli kwa ekseli, matangi yakiwa na kiasi cha mafuta unachokijua. Andika kwenye daftari ukurasa mmoja kwa kila tela: uzito mtupu wa kila kundi la ekseli, umbali wa kingipini, aina ya matairi. Chini yake bandika nakala za karatasi za mizani kila gari linaporudi, na kando uandike mzigo ulipangwaje, tabaka ngapi wapi. Baada ya safari kumi hivi, mwenye mzigo akikuuliza gari linabeba tani ngapi, utamwuliza kwanza ni mzigo gani na unakaa mita ngapi za sitaha, kisha utafungua ukurasa wa tela hilo na kumpa namba.