Anti wa Safari anajibu: Usifike siku ya sikukuu, fika jana yake

Swali: Shikamoo anti. Mi na mwenzangu mwakani tunazunguka Asia wiki 3, tumeandika sikukuu 4, Tet ya Vietnam (mwaka mpya wao), Holi ya India (ile ya kupakana rangi), Nyepi ya Bali na Songkran ya Thailand (ile ya kumwagiana maji). Ili tusichome hela za hoteli kila sehemu tunaingia asubuhi ya sikukuu yenyewe, kesho yake tunasepa. Jamaa mmoja kaiona ratiba akacheka tu hakusema kitu. Tumekosea wapi? – *Wapenda Sherehe*

Jibu: Marahaba wanangu. Na mimi nimecheka, mnisamehe, maana ratiba kama hiyo niliwahi kuipanga mwenyewe. Kwanza kalenda inawakatalia. Tet inafuata kalenda ya mwezi, inaangukia mwishoni mwa Januari au Februari, Songkran haihami ni Aprili 13 mpaka 15, sasa wiki 3 mnazifungia zote humo vipi? Chagueni mbili. Holi na Nyepi mara nyingi zote ziko Machi, hizo mkizipigia hesabu vizuri zinawezekana.

Ila kosa kubwa ni hilo la kuingia asubuhi ya siku yenyewe. Holi na Songkran angalau ziko barabarani, lakini zingine utamu wote unakuwa umeisha jana yake na watu wako ndani na familia zao. Mimi nilitua Hanoi asubuhi ya Tet na kamera yangu shingoni, nikakuta mji kimya, maduka yamefungwa, hata supu ya pho ya kando ya barabara hakuna, nikashinda na biskuti nilizotoka nazo kwenye ndege. Kumbe siku chache nyuma soko la maua la mtaa wa Hang Luoc lilikuwa halipitiki, watu wanapakia matawi ya mipichi yenye maua na vichungwa vya kwenye vyungu juu ya pikipiki, majumbani wanachemsha banh chung, yaani mchele wa kunata na choroko na nyama ya nguruwe umefungwa kwenye majani, unakaa motoni masaa 10 na zaidi, watu wanakesha wanaulinda moto na hapo ndo stori zote zinapopigwa. Mimi nimekuja vyombo vimeshaoshwa. Halafu asubuhi ya Tet msijitie kubisha hodi hata kwa rafiki, wanaamini mtu wa kwanza kukanyaga nyumba ndo anawaletea bahati ya mwaka mzima au mkosi, kwa hiyo huyo mtu wengi wanamchagua kabisa mapema. Subirini muitwe.

Nyepi ndo mngeumbuka. Hiyo ni siku ya kimya, Bali nzima inazimwa masaa 24, uwanja wa ndege unafungwa, hakuna kutoka nje hata kama we mtalii, na kuna walinzi wa kimila wanaoitwa pecalang wanazunguka kuangalia nani kawasha taa kali. Kwa hiyo ndege yenu ya asubuhi haipo kabisa. Ila jioni ya kabla yake sasa! Vijana wanatoka na masanamu makubwa ya mashetani, ogoh-ogoh, wameyaunda wiki kibao, wanayabeba mabegani na makelele na ngoma, wakifika njia panda wanayazungusha ili mapepo yapotee njia, na mengi mwisho wake yanachomwa moto. Ukishapigiwa kelele zile ndo unaelewa kwa nini kesho yake wananyamaza. Fikeni siku 3 kabla, nunueni vitafunio, ulizeni hoteli kama siku hiyo jiko linafanya kazi.

Swali: Mambo anti, mi ni mdada nasafiri solo, nimeipania Holi ya Mathura na Vrindavan. Niende au niache? – *Rangi Tupu*

Jibu: Poa mdogo wangu. Nenda ila sio peke yako, hapa sitakupamba. Ule msongamano kuna wanaume wanaotumia rangi kama kisingizio cha kukushika, na wenyeji wenyewe wanalilalamikia hilo kila mwaka. Tafuta kundi au familia ikualike, toka asubuhi, mchana uwe umesharudi ndani. Jipake mafuta nywele na ngozi kabla, vaa nguo ambazo hutazililia. Ukipewa thandai, yale maziwa ya viungo, uliza kama yana bhang, maana hiyo ni bangi, na kutoka kwa usiyemjua usinywe kabisa. Usiku wa kabla kuna moto wa Holika, familia nzima zinauzunguka, mimi huo naupenda kuliko rangi zenyewe. Na ukiwahi siku kadhaa nyuma kuna mji wa Barsana, wanawake wanawacharaza wanaume kwa fimbo na wanaume wanajikinga na ngao, weee!

Swali: Asalaam aleikum anti. Naenda Singapuri, China na Japani, nataka kula cha barabarani kama wenyeji ila lazima kiwe halali. Nitaishi kwa matunda? – *Tumbo Safi*

Jibu: Waaleikum salaam. Matunda ya nini ndugu yangu. Singapuri nenda kwenye yale mabanda ya chakula ya umma, utamaduni wake UNESCO waliuweka kwenye orodha yao 2020, ila angalia cheti kibanda kwa kibanda sio jengo zima. Ukimaliza unarudisha trei mwenyewe, na sehemu nyingi rafu za halali ziko mbali na zingine. Ukikuta pakiti ya tishu juu ya meza usikae, ina mwenyewe.

China tafuta maandishi 清真, yaani halali, wenye migahawa hiyo wengi ni Waislamu wa kabila la Hui, tambi zao za Lanzhou zinavutwa kwa mkono mbele yako. Mtaa wa Waislamu Xi'an unapewa mkate mgumu uumegemege mwenyewe kwenye bakuli, ndo wanaumwagia supu ya kondoo. Mimi nilimega mapande makubwa, mzee wa meza ya jirani akashindwa kuvumilia akaninyang'anya bakuli akanimegea.

Japani ndo uwe makini. Kuuliza "kuna nguruwe?" haitoshi, supu nyingi za rameni, yaani tambi zao, ni mifupa ya nguruwe, halafu kwenye michuzi wanatia mirin ambayo ni kilevi kitamu cha mchele. Uliza vyote viwili.

Swali: Anti, Thailand pilipili siziwezi, nasemaje? – *Ulimi Mwepesi*

Jibu: Sema "mai phet", yaani sio kali. Itakuja na pilipili bado, ila chache. Ukiungua usikimbilie maji, kula wali mweupe. Na usihangaike kutafuta vijiti, wali wenyeji wanaula kwa kijiko na uma, vijiti ni vya tambi.