Swali la Saa Saba Mchana: Pa Kulala Familia Inapotembelea Jiji Kubwa kwa Siku Chache

Mara ya kwanza tulipokwenda London kama familia tulilala siku tatu tu. Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, mama mkwe, binti yetu wa miaka saba na mdogo wake wa miaka miwili. Hoteli niliitafuta mimi, na kigezo changu kilikuwa kimoja, bei. Nikapata ya kanda ya 5. Usafiri wa London umegawanywa kwa kanda, ya 1 ikiwa katikati ya jiji na ya 9 ikiwa pembezoni kabisa. Chumba kilikuwa safi na wahudumu walikuwa wakarimu. Sina la kuwalaumu. Kosa lilikuwa la kwangu, na lilijitokeza siku ya pili, saa saba mchana.

Tulikuwa kwenye jumba la makumbusho tangu lilipofunguliwa saa nne. Ilipofika saa saba mdogo alikuwa amechoka kiasi cha kulia kila alipoguswa. Dada yake alikuwa amekaa sakafuni akikataa kwenda mbele. Mama mkwe alikuwa amevua kiatu kimoja, anakanda kifundo cha mguu taratibu, na nilipomuuliza akasema, "Mimi sijambo, mwanangu, ninyi endeleeni." Ukimsikia mama wa umri wake anasema hivyo huku kiatu kiko mkononi, unajua hajambo lake ni la heshima tu. Alichohitaji kila mmoja wetu ni kitanda na saa moja ya ukimya. Kitanda kilikuwa umbali wa dakika 50. Kwenda na kurudi, siku imekwisha.

Basi tukajikaza. Mdogo alikuja kulala saa kumi jioni, begani kwangu, tukishuka ngazi za kituo cha treni. Mke wangu alikuwa amekunja kigari cha mtoto na kukibeba kwa mkono mmoja, mwingine amemshika binti yetu. Bibi yao alikuwa nyuma, anashuka ngazi moja moja ameng'ang'ania chuma. Tulifika hotelini hakuna aliyetaka kutoka tena. Na kwa kuwa mtoto alikuwa ameshalala njiani, hakusinzia mpaka saa tano usiku.

Tangu siku hiyo, kabla sijaangalia nyota, picha wala bei, najiuliza swali moja: je, saa saba mchana tunaweza kurudi chumbani, tukapumzika, kisha tukatoka tena bila kuona tumepoteza siku? Jibu likiwa hapana, naiacha hoteli hiyo hata iwe nzuri vipi.

Nakuomba ufanye hesabu hii kabla hujalipa. Ukilala siku tatu, kwa kweli una siku mbili kamili na vipande viwili, cha kufika na cha kuondoka. Ukikaa dakika 50 kutoka kwenye shughuli zako, kila siku kamili inakula saa moja na dakika 40 za njiani, na hapo hujarudi kupumzika. Ukirudi mchana, zinakuwa saa tatu na dakika 20. Kwa siku mbili ni saa sita na dakika 40. Mtoto mdogo ana takriban saa kumi na mbili za kuwa macho kwa siku, kwa hiyo zaidi ya nusu siku ya safari yako imeishia kwenye treni. Ile nafuu ya bei niliyoifurahia niliilipa kwa muda, na muda ndio tuliokuwa tumesafiri kuufuata. Anayekwenda kukaa wiki mbili hesabu yake ni nyingine. Anaweza kukaa mbali na asiumie. Wa siku tatu hawezi.

Hata hivyo, kukaa karibu hakumaanishi kukaa "katikati ya jiji". Majiji mengi makubwa hayana katikati moja. Tokyo, kwa mfano, ina vitovu kadhaa, na njia ya treni ya Yamanote inavizunguka kwa duara lenye vituo 30, duara zima likichukua kama saa moja. Ukiambiwa hoteli iko katikati ya Tokyo, bado hujaambiwa kitu. Mimi hufanya hivi: naandika mambo matatu ambayo familia inayataka kweli, matatu tu, nayatia alama kwenye ramani, halafu natafuta pale alama mbili zinapokaribiana. Mwenye watoto wanaotaka wanyama na makumbusho akilala karibu na eneo la Ueno, bustani ya wanyama, makumbusho na bustani ya kupumzikia viko pamoja, na kuna treni ya moja kwa moja mpaka uwanja wa ndege wa Narita, ambao uko kama kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo. Mwenye watoto wakubwa wanaotaka taa na maduka ya usiku, Ueno si yake. Kwa hiyo ukimuuliza rafiki "eneo gani zuri?", mwambie kwanza unakwenda kufanya nini na unakwenda na nani.

Tahadhari na maneno "dakika 10 kutoka katikati". Dakika 10 za nini? Mara nyingi ni za gari, usiku, barabara ikiwa tupu. Fungua ramani kwenye simu, weka siku na saa utakayotoka kweli, mathalani Jumamosi saa tatu asubuhi, halafu soma muda wa mlango kwa mlango, pamoja na kutembea mpaka kituoni. Kisha ongeza theluthi kama una mtoto wa miguu mifupi au mzee. Kama safari inahitaji kubadilisha treni mara mbili, kwangu hiyo imeshaanguka. Kubadilisha treni ukiwa peke yako ni jambo dogo. Ukiwa na kigari, mabegi na bibi, kila badiliko ni ngazi, umati na kuhesabu watu upya.

Kuhusu ngazi nina mengi ya kusema, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Treni za chini ya ardhi za majiji makongwe zilichimbwa zamani mno: London ilianza 1863, Paris 1900, New York 1904. Zilijengwa kwa ajili ya watu wenye miguu mizima wasiosukuma kitu, na kuweka lifti leo ndani ya mahandaki hayo ni kazi ngumu na ya gharama. London, kama theluthi moja tu ya vituo vya treni hizo unaweza kuvitumia bila kupanda ngazi. Paris, njia ya 14, iliyofunguliwa 1998, ina lifti vituo vyake vyote, ila njia nyingi za zamani hazikupangwa hivyo. Kwa hiyo usiridhike na "kituo kiko mita 200". Tafuta ramani ya vituo vyenye lifti, mamlaka za usafiri za majiji mengi huitoa bure, uone kama kituo cha hotelini kimo, na kile unakokwenda kimo pia. Lifti ya upande mmoja haikusaidii.

Kama hakuna kituo chenye lifti, tazama mabasi. Sisi tuliyagundua siku ya mwisho, na nilisikitika kuchelewa. Mabasi yote ya London ni ya sakafu ya chini na yana rampu, nafasi ya kigari ipo, na watoto wanakaa juu wanaangalia jiji zima badala ya kutazama ukuta wa handaki. Hoteli iliyo kwenye njia ya basi linalopita unakokwenda inaweza kukufaa kuliko iliyo juu ya kituo cha treni. Ulizia pia nauli za watoto. London walio chini ya miaka 11 hawalipi kwenye treni za chini ya ardhi wakiwa na mtu mzima aliyelipa, mwisho watoto wanne kwa kila mtu mzima. New York wanapima kwa urefu, mtoto asiyezidi inchi 44, yaani kama sentimita 112, hapandi kwa nauli, mwisho watatu kwa mtu mzima mmoja.

Jambo la pili baada ya umbali ni mlango. Namaanisha mlango kati ya wanapolala watoto na mnapokaa wakubwa. Katika chumba kimoja, watoto wakilala saa mbili usiku, watu wazima nao wamelala saa mbili, watake wasitake. Mimi na mke wangu tulikaa gizani siku tatu tukinong'onezana, na mama mkwe hakuwa na pa kubadilishia nguo ila bafuni. Ukiweza, chukua vyumba viwili vilivyounganishwa kwa mlango wa ndani, na hapa soma maandishi kwa makini: vyumba "vilivyo jirani" si vyumba "vinavyofunguana". Tena hoteli nyingi hulipokea jambo hili kama ombi, siyo ahadi. Andika, kisha piga simu wiki moja kabla, uthibitishe na mtu wa mapokezi. Uliza pia chumba kinaruhusu watu wangapi kwa kanuni zao, mtoto mchanga akiwemo. Nimewahi kumwona baba wa watu amesimama kaunta usiku na watoto watatu, anaambiwa chumba ni cha watu wanne na hakuna kingine. Uso wake sijausahau.

Wengi watakwambia dawa ya mlango ni kupanga nyumba badala ya hoteli. Ni kweli: unapata sebule, jiko na mashine ya kufulia, na kwa wiki nzima ningeichagua bila kusita. Kwa siku mbili tatu ninaipa alama pungufu kuliko hoteli. Ada ya usafi mara nyingi ni ileile ukilala siku mbili au kumi, kwa hiyo igawe kwa siku zako uone bei halisi. Funguo huenda ziko ndani ya kisanduku cha namba pembeni ya mlango, na ndege ikichelewa hakuna mtu wa kukupokea. Na sheria zimebadilika. New York, tangu Septemba 2023, nyumba inayopangishwa kwa chini ya siku 30 lazima iwe imesajiliwa, mwenyeji awe anaishi humo wakati wageni wapo, na wageni wasizidi wawili, kwa hiyo familia ya watu watano inayoahidiwa nyumba nzima kule kwa siku tatu iwe na wasiwasi. Barcelona imetangaza kwamba haitaendelea na leseni zaidi ya 10,000 za nyumba za watalii baada ya Novemba 2028. Jiji lolote unalokwenda, tafuta namba ya usajili kwenye tangazo. Nyumba ikifungiwa siku moja kabla hujafika, utarudishiwa fedha, lakini nani atakurudishia mahali pa kulala wikiendi ile?

Kitu kingine kinachoipa hoteli uzito kwa safari fupi ni mabegi. Ndege nyingi za safari ndefu hutua alfajiri, na chumba hakiwi tayari mpaka saa nane au tisa alasiri. Siku ya kuondoka unatakiwa utoke kama saa tano asubuhi, na ndege ni ya usiku. Hoteli yenye mapokezi itakuwekea mabegi pande zote mbili, na hivyo vipande viwili vya siku nilivyovitaja mwanzoni vinageuka kuwa siku. Uliza mapema kama wanatunza, na kama baada ya kutoka chumbani kuna choo na mahali pa kumbadilisha mtoto.

Mengine nayapitia haraka. Maoni ya wageni nasoma yale ya nyota mbili na tatu, ndiyo yenye maelezo, na natafuta maneno machache: kelele, lifti, ngazi, kunguni. Picha natazama zilizopigwa na wageni. Nahakikisha madirisha na roshani ni salama kwa mtoto. Na kama ni wikiendi, natazama maeneo ya maofisi na mabenki: hoteli zake mara nyingi hushusha bei wafanyakazi wakienda nyumbani, ila migahawa na maduka mengi hufungwa pia, kwa hiyo ziwe karibu na unakokwenda, la sivyo utapata mtaa usio na mtu.

Miaka miwili baadaye tulirudi London, watano walewale. Safari hii nilichukua vyumba viwili vidogo, vimefunguana, mwendo wa dakika saba kwa miguu kutoka South Kensington, yalipo makumbusho matatu makubwa yasiyo na kiingilio na inapopita njia ya treni ya Piccadilly inayofika hadi uwanja wa ndege wa Heathrow. Bei kwa siku ilikuwa kubwa kuliko ya mwanzo, kwa hiyo tulipunguza siku moja ili tuimudu.

Kila siku saa saba tulirudi. Mama mkwe alivua viatu vyote viwili, akavipanga chini ya dirisha, akajilaza chumbani kwake na mlango umefungwa. Mdogo alilala kwa muda wa saa moja na robo. Saa kumi tulikuwa nje tena, na bibi yao ndiye aliyekuwa mbele.

Asubuhi ya mwisho mabegi yalikuwa mapokezi na tulikuwa na saa nne mkononi. Binti yetu akauliza, "Baba, tunaweza kwenda kumuaga yule nyangumi?" Ni mifupa ya nyangumi wa buluu, urefu wa mita 25, iliyoning'inizwa kwenye ukumbi mkubwa wa makumbusho ya elimu ya viumbe tangu 2017. Tukavuka barabara, tukaenda. Alisimama chini yake kwa muda mrefu, ameinua kichwa, na hakuna aliyemwambia aharakishe.